Lenzi Inaingia, Mbona Haifokasi?

Swali linalosikika kila mara kijana wa Mombasa anaponunua lenzi yake ya pili ni hili: "Nina Nikon D3200. Nimeuziwa lenzi ya 50mm, imeingia, imekaza, lakini haifokasi. Nimepigwa?" Aghalabu hakupigwa. Lenzi ni nzima, kamera ni nzima, na muuzaji aliapa kweli aliposema inaingia. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kwamba kuingia ni jambo moja tu kati ya matatu.

La kwanza ni chuma kushikana na chuma: pete iliyo nyuma ya lenzi na pete iliyo mbele ya kamera, ambayo wapiga picha huiita maunti. La pili ni kusemezana. Je, lenzi itafokasi yenyewe, yaani kuifanya picha iwe kali? Tundu la kupitisha mwanga litafunguka na kujifunga kwa amri ya kamera? Kipimo cha mwanga kitafanya kazi? La tatu, ambalo wengi hawaliulizi mpaka pesa zishatoka, ni kama picha itakayopatikana ndiyo waliyoitaka. Lenzi inaweza kufaulu la kwanza na kuanguka mengine yote mawili.

Kamera ninazozizungumzia ni zile DSLR za daraja la chini, zenye kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza: Nikon za namba kama D3200 na D3500, na Canon kama 1300D, 2000D na 4000D. Ndizo zinazobebwa na wapiga picha wengi wa ufuoni Bamburi, ndizo zinazoanzishia studio ndogo za picha za pasipoti, na ndizo zinazouzwa mtandaoni zikiwa zimetumika na mtu wa kwanza, wa pili na pengine wa tatu.

Skrubu ya Nikon

Maunti ya Nikon, inayoitwa F, ilitoka mwaka 1959, na umbo lake halikubadilishwa hata kwenye DSLR ya mwisho waliyotengeneza. Lenzi ya mwaka 1980 inaingia kwenye D3500 ya mwaka 2018 bila adapta. Nikon walijivunia uaminifu huo, na wana haki. Lakini uaminifu huohuo ndio chanzo cha vurugu, kwa sababu chini ya pete ileile kumepita vizazi kadhaa vya lenzi visivyosemezana kwa namna moja.

Otofokasi ilipoingia katika miaka ya 1980, Nikon waliiweka mota ndani ya kamera. Mota hiyo inazungusha kijiti kidogo kinachochomoza kwenye pete ya kamera, nacho kinazungusha skrubu iliyo nyuma ya lenzi. Baadaye wakaanza kutengeneza lenzi zenye mota yake zenyewe. Mwaka 2006 wakatoa D40, kamera ndogo ya bei nafuu, na ili kuifanya ndogo na nafuu wakaing'oa mota ya mwilini. Tangu hapo, D3000, D3100, D3200, D3300, D3400, D3500 na ukoo mzima wa D5000 hazina mota. D90 na ukoo wa D7000 zinayo.

Sasa rudi kwa yule kijana. Kuna lenzi mbili za Nikon za 50mm f/1.8 zinazozunguka sokoni. Moja imeandikwa AF na mwishoni ina herufi D. Nyingine imeandikwa AF-S na mwishoni ina G. Ya D ni ya zamani zaidi na kwa kawaida ni rahisi zaidi, ndiyo maana ndiyo anayoambiwa achukue. Inasubiri kuzungushwa skrubu na kamera ambayo haina cha kuizungushia. Ya AF-S ina mota yake ndani. Kwa mwenye D3000 au D5000 yoyote, herufi ya S baada ya AF ndiyo inayotenganisha lenzi inayojifokasi na lenzi utakayoizungusha kwa vidole.

Ukiwa dukani na maandishi yamefutika, ipindue lenzi uitazame nyuma. Ukiona kwenye ukingo wa pete ya chuma kuna kichwa kidogo cha skrubu chenye mfuo, ujue inataka mota ya kamera. Kwenye kamera nako ni hivyohivyo: kama hakuna kijiti kinachochomoza kutoka kwenye pete, mota haipo, hata muuzaji aape vipi.

Lenzi ya D si ya kutupwa, lakini. Kwenye D3200 inapima mwanga kama kawaida, na ukizungusha pete ya fokasi kwa mkono, nukta ya kijani huwaka ndani ya kidirisha cha kuchungulia ukipatia. Mzee aliyetulia barazani na kahawa yake utampata vizuri. Watoto wanaoruka majini hutawapata. Na ukiivisha mara ya kwanza, kamera ikikuandikia "fEE" ikakataa kupiga, usiipeleke kwa fundi. Inakuomba uzungushe pete ya tundu iliyo kwenye lenzi hadi namba kubwa kuliko zote, 16 au 22, na kuifunga hapo. Mafundi wamelipwa kwa kazi hiyo ya sekunde mbili.

Mtego mwingine ni mpya zaidi na ni mbaya zaidi. D3400 na D3500 ziliuzwa na lenzi ya 18-55mm iliyoandikwa AF-P. P hiyo ni aina nyingine ya mota, tulivu na ya haraka, nzuri mno kwa video. Ila D3200 na zilizoitangulia haziielewi. D3300 inaielewa ikishasasishwa programu yake ya ndani. Ukiichukua AF-P ya bei ya kutupa ukaitia kwenye D3200, haitafokasi yenyewe na wala hutaweza kuifokasi kwa mkono, kwa kuwa pete yake haijaungana na vioo kwa meno. Inatuma amri tu kwenye mota, na mota haipati wa kuiamuru. Kwa D3200, hiyo ni chupa ya kioo.

Lenzi za kampuni nyingine, kama Tamron na Sigma, zinafuata mchezo huohuo. Tamron ya 17-50mm f/2.8, inayopendwa na wapiga harusi, ilitoka kwa Nikon kwanza bila mota kisha ikatoka tena ikiwa nayo, na kwa mbali huzitofautishi. Tazama skrubu.

Canon walivunja mara moja

Canon walifanya jambo ambalo wateja wao wa wakati huo hawakuwasamehe upesi. Mwaka 1987 waliitupa maunti yao ya zamani, FD, na lenzi zote za watu zikabaki bila mrithi. Wakaleta maunti mpya, EF, na mota ikawekwa ndani ya kila lenzi, huku mazungumzo kati ya lenzi na kamera yakipita kwenye vishikizo vya umeme tu. Hakuna skrubu wala kijiti.

Faida yake anaivuna leo mwanafunzi wa Mombasa: lenzi yoyote ya Canon iliyoandikwa EF, hata ya mwaka 1990, itafokasi yenyewe kwenye 4000D. Kwa anayenunua vitu vilivyotumika bila kuwa na mtu wa kumshauri, naona Canon ina mitego michache zaidi. Nasema hivyo nikijua kwamba faili za Nikon za daraja hili zinavumilia zaidi ukitaka kuvuta vivuli kwenye kompyuta. Lakini picha iliyofokasi kwanza, vivuli baadaye.

Mipaka ya Canon ni miwili. Mwaka 2003 walitoa 300D, DSLR iliyoshusha bei chini ya dola 1,000 za Marekani, na pamoja nayo lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, sensa ikiwa kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. EF ina nukta nyekundu pembeni, EF-S ina mraba mweupe. Kamera ya daraja la chini ina alama zote mbili na inapokea zote. Kamera kubwa za sensa kamili, kama 6D na 5D, zina nukta nyekundu peke yake na EF-S haziingii kabisa. Wa Nikon hapa wana afadhali: lenzi zao za sensa ndogo, za DX, zinaingia kwenye kamera kubwa, na kamera inakata picha yenyewe.

Wa pili ni EF-M. Zile kamera ndogo za Canon zenye herufi M, kama M50 ambayo watu wa video waliipenda, zina maunti yake peke yake. Lenzi ya EF-M haiingii kwenye DSLR yoyote, hata kwa adapta.

Majina nayo yanasumbua bure. Kamera moja inabatizwa kulingana na soko. 1300D yetu ni Rebel T6 ikitoka Marekani na Kiss X80 ikitoka Japani. 2000D ni Rebel T7. Shangazi akikutumia Rebel kutoka Marekani, usidhani amekununulia kitu kigeni. Betri na lenzi ni vilevile.

Kuna jambo moja la 2000D na 4000D ambalo aghalabu halitajwi dukani. Kile kiatu cha juu cha kuvisha flashi hakina kishikizo cha katikati, kile ambacho flashi za bei nafuu na vifaa vya redio vya kampuni nyingine hukitegemea ili kuwaka. Flashi za Canon zinazowasiliana kwa vishikizo vingine zinafanya kazi. 1300D ya mwaka 2016, iliyo ya zamani zaidi, inacho. Kama mpango wako ni studio ya taa za bei ya chini, kamera ya zamani ndiyo bora, na hilo haliko kwenye boksi.

Kwa nini adapta huenda upande mmoja

Watu huuliza: je, lenzi ya Nikon niitie kwenye Canon? Jibu liko kwenye milimita. Kila maunti ina umbali wake maalumu kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa. Nikon F ni milimita 46.5, Canon EF ni 44. Lenzi ya Nikon imezoea kukaa mbali zaidi, kwa hivyo kwenye Canon inabaki nafasi ya milimita 2.5 ya kuweka pete nyembamba. Itaingia, utafokasi kwa mkono. Lenzi ya Canon kwenye Nikon ni kinyume: ingehitaji kukaa karibu zaidi na sensa kuliko pete inavyoruhusu, na ukilazimisha utapata vya karibu tu, jahazi lililo mbali halitakaa sawa kamwe.

Shika hesabu hiyo ya milimita, maana ndiyo inayoeleza kamera mpya zisizo na kioo. Mwaka 2018 Canon walileta maunti ya RF, ya milimita 20, na Nikon wakaleta Z, ya milimita 16. Kati ya lenzi za DSLR na kamera hizo kuna nafasi tele ya kuweka adapta. Lenzi za EF na EF-S zikivikwa adapta ya Canon kwenye kamera ya RF zinafokasi zenyewe. Upande wa Nikon, adapta yao iitwayo FTZ inaziendesha AF-S na AF-P, lakini haina mota ya kuzungusha skrubu, kwa hivyo zile AF-D zinakwama tena palepale. Lenzi ya RF au Z kwenye DSLR yako, hapana, na mtu akikuuzia adapta ya kufanya hivyo anakuuzia pete ya chuma.

Mita sita ambazo Mji wa Kale hauna

Tuje kwenye jambo la tatu. Umepata 50mm inayofokasi. Unaingia Mji wa Kale kupiga milango ya nakshi, na kila ukirudi nyuma unagonga ukuta wa jirani. Nini tena?

Namba 50mm iliwekwa kwa kipimo cha filamu ya zamani, yenye ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Sensa ya kamera za daraja la chini ni ndogo: kwa Nikon karibu 23.5 kwa 15.6, kwa Canon 22.3 kwa 14.9. Sensa ndogo inaona kipande cha katikati tu cha kile ambacho lenzi inaleta. Ndiyo sababu watu wa Nikon huzidisha kwa 1.5 na wa Canon kwa 1.6: 50mm inakuonyesha eneo ambalo lenzi ya 75mm au 80mm ingeonyesha kwenye sensa kamili. Lenzi yenyewe haijabadilika, wala haijakusogeza karibu. Umekatiwa kingo.

Kwa mlango na fremu yake yenye urefu wa mita 3, kamera ikisimamishwa wima, 50mm inakutaka usimame umbali wa mita 6 na zaidi. Vichochoro vingi vya huko havina upana huo. Ile 18-55mm iliyokuja na kamera, ikiwa kwenye 18, inaumaliza mlango ukiwa mita 2 na nusu hivi. Kwa hivyo lenzi inayodharauliwa ndiyo inayofaa kazi hiyo, mchana, kwenye mwanga wa kutosha, tundu likiwa f/8. Anayetaka lenzi moja ndogo isiyo na zumu ya kuzunguka nayo mjini, wa Nikon atafute AF-S DX 35mm f/1.8G, wa Canon EF-S 24mm f/2.8 STM. Hizo ndizo zinazokaribiana na namna jicho linavyoona kwenye sensa hizi.

Kwa mbali, kwa mashua na ndege, Canon wengi huishia na EF 75-300mm kwa kuwa ndiyo inayofungwa kwenye maboksi ya ofa. Haina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na kwenye 300 picha zake ni laini. EF-S 55-250mm IS STM ni fupi kidogo kwa namba na ni bora kwa kila kitu kingine. Sioni sababu ya kuinunua 75-300 hata ikiwa nusu bei.

Usiku wa kupamba

Palipo na pesa kwa mwenye kamera ndogo ni harusi, na hasa kwa mpiga picha mwanamke. Usiku wa kupamba, bibi harusi anapowekwa jukwaani na wanawake peke yao ukumbini, mpiga picha mwanamume hana njia ya kuingia, na mara nyingi simu za wageni huzuiwa mlangoni. Dada mwenye 1300D na lenzi sahihi anashika kazi ambayo mwanamume mwenye vifaa vya mamilioni haipati. Picha, bila shaka, ni amana. Haziwekwi mtandaoni ili kutafuta wateja.

Ila ukumbi wa usiku unaiumbua lenzi ya 18-55mm. Kwenye 55 tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Namba ya f ni mgawo: urefu wa lenzi, yaani ile namba ya mm, ugawanye kwa namba hiyo upate upana wa tundu. 55 kwa 5.6 ni tundu la karibu milimita 10. 50 kwa 1.8 ni la karibu milimita 28. Ukilinganisha kiasi cha mwanga kinachoifikia sensa, f/1.8 inaleta karibu mara kumi ya f/5.6.

Weka namba hizo ukumbini. Tuseme kwa ISO 1600, ISO ikiwa kiwango cha sensa kuitikia mwanga, lenzi ya kwanza inakulazimisha upige kwa sekunde 1/15. Bibi harusi akigeuza shingo, uso unachoreka. Kwa f/1.8, ISO ileile, shata, yaani kasi ya kupiga, inapanda hadi 1/125 au zaidi kidogo, na uso unatulia. Watu husema, lakini 18-55mm yangu ina IS (ya Canon) au VR (ya Nikon), kile kifaa cha kutuliza mtikisiko. Hicho kinatuliza mkono wako. Mtu anayetembea hakimtulizi, wala mashangazi wanaorusha leso kwa furaha.

Mwanga huo una gharama. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kwa 50mm na f/1.8, kina cha sehemu iliyo kali ni sentimita kama 12 tu. Bibi harusi peke yake ni sawa, ukifokasi kwenye jicho. Akija mama yake akakaa nusu hatua nyuma, mmoja wao atakuwa na ukungu. Kwa watu wawili rudi nyuma kidogo na nenda f/2.8, kwa safu mbili za watu f/5.6 na flashi iliyogeuzwa kuelekea darini. Ile flashi ndogo inayochomoka juu ya kamera iache; inang'arisha jasho na kuua dhahabu.

Ndiyo maana ushauri wa karibu kila mpiga picha ni 50mm f/1.8 kuwa lenzi ya pili. Toleo la Canon la mwaka 2015, lililoandikwa STM, lina maunti ya chuma na mota tulivu kuliko lile la plastiki lililotangulia. La Nikon ni lile la AF-S. Lile la plastiki la Canon nalo linapiga picha nzuri. Linapiga kelele tu likitafuta fokasi, jambo ambalo utalijutia kwenye video na si kwenye maulidi yenye dufu.

Kanzu inageuka kijivu

Hili si la lenzi, lakini hulaumiwa lenzi. Kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Siku ya Idi, safu ya wanaume wenye kanzu nyeupe ikijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na kanzu zinatoka kama hazijafuliwa, nyuso nazo zikizama gizani. Wanawake wenye mabuibui wakijaza fremu ni kinyume: kamera inaongeza, weusi unakuwa kijivu, na uso unapauka.

Dawa ni kitufe chenye alama ya +/−. Kamera hizi zina gurudumu moja tu la vidole, kwa hivyo unashikilia kitufe hicho huku ukizungusha. Ukiwa kwenye A kwa Nikon au Av kwa Canon, ambako wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, ongeza karibu +1 kwa kanzu, punguza karibu −1 kwa mabuibui, tazama kioo cha nyuma, rekebisha. Mtu akisimama ufuoni Mama Ngina na bahari inayong'aa nyuma yake, ongeza pia, ukubali anga ipotee, maana uso ndio uliolipiwa. Na weka RAW, faili ghafi ya kurekebishia baadaye, pamoja na JPEG ya kawaida ikiwa kadi yako ina nafasi.

Chumvi, mchanga na kuvu

Vitabu vya maelekezo vya kamera havikuandikiwa pwani. Unyevu wa hewa Mombasa uko juu karibu mwaka mzima, na wakati wa masika huwa mbaya zaidi. Kuvu ya lenzi inapenda unyevu wa juu ya asilimia 60 na giza, yaani ndani ya kabati. Inaota nyuzi nyembamba kati ya vioo, ikiachwa inatoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na hapo hata ikisafishwa alama zinabaki.

Nunua bakuli la plastiki la jikoni lenye kifuniko cha kubana, tia pakiti za silika zinazobadilika rangi zikishiba maji, na kipimo kidogo cha unyevu kama utakipata. Lenga kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikishiba ikaushe kwa joto la ovini uirudishe. Mchele hausaidii kitu, unaleta vumbi. Lile begi la ngozi au la kitambaa lililokuja na kamera ni la kubebea. Ukilitumia kuhifadhia unaifugia kuvu nyumba. Na kamera inayotumika kila wiki, ikapigwa mwanga na hewa, huota kuvu kwa nadra kuliko iliyotunzwa kwa heshima mwaka mzima.

Kutoka kwenye chumba chenye eyakondishena kwenda nje, kioo kinatoa jasho, na jasho hilo linaweza kuwa ndani pia. Funga kamera ndani ya mfuko kabla ya kutoka, uiache ipate joto taratibu kama nusu saa. Ufuoni, usibadilishe lenzi. Ukilazimika, upe upepo mgongo na elekeza mdomo wa kamera chini. Ukirudi nyumbani futa mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa chumvi, kisha kikavu. Usipulize ndani kwa mdomo; mate kwenye sensa ni kazi ya fundi. Vumbi la sensa utaliona kama madoa yasiyohama ukipiga anga tupu kwa f/16.

Dukani

Nenda na kamera yako yenye chaji na kadi. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili: vumbi kidogo si neno, nyuzi na utando ni sababu ya kuondoka. Zungusha zumu usikilize mchanga. Fokasi karibu, fokasi mbali, mara kadhaa, kwenye mwanga hafifu wa ndani ya duka. Piga picha kwenye tundu kubwa kabisa na kwenye f/16. Kama ya pili inatoka nyeupe au kamera ya Canon inaandika Err 01, vishikizo au tundu lina shida. Futa vishikizo kwa kitambaa kikavu ujaribu tena kabla ya kuhukumu.

Wenye kuhamia kamera zisizo na kioo wanauza lenzi zao za EF na AF-S, na hizo ndizo za kuwinda, kwa sababu ukihama nawe siku moja zitakufuata kwa adapta. Mwili wenyewe utachakaa. D3300 na D3500 shata zake zilipimwa na Nikon kwa picha 100,000, namba ambayo kamera inaweza kuivuka au isiifikie. Kwa Nikon, hesabu ya picha zilizopigwa inaandikwa ndani ya kila faili, na programu za bure za kompyuta zinaisoma. Canon za daraja hili haziiandiki ndani ya picha. Hadi uiunganishe kamera kwa waya na programu maalumu. Muuzaji akikwambia hii imepiga elfu tano tu, mwambie aiunganishe uione, au toa bei kana kwamba ni elfu hamsini.